Tunajikuna nyumba nzima, na mume wangu anauliza ugonjwa huu nimeutoa wapi

Daktari, shikamoo.

Nakuandikia usiku kwa sababu usiku ndio hakuna anayelala nyumbani kwangu. Nina watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 10, wa pili ana miaka 7, na mdogo ana miezi 8, bado ananyonya. Tunaishi na mume wangu pamoja na mama mkwe, ambaye tulimchukua mwaka jana alipopata kiharusi. Upande wake wa kulia hauna nguvu, kwa hiyo mimi ndiye ninayemwogesha na kumvisha.

Haya yalianza kwa huyu wa pili. Alianza kujikuna katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono. Mchana anacheza kama kawaida, lakini akishapanda kitandani tu, basi. Anajikuna hadi anatoka damu, tena huku amelala. Nikaenda duka la dawa, wakanipa krimu moja, wakaniambia inatibu fangasi, bakteria na mzio kwa pamoja. Kwa kweli ilimsaidia. Vipele vikanywea, muwasho ukapungua. Nilipoacha kupaka vikarudi, na safari hii vikashuka hadi tumboni na matakoni. Nikanunua nyingine. Ni miezi mitatu sasa tuko hivyo: napaka, kunatulia, naacha, vinarudi vingi kuliko mwanzo.

Krimu hiyohiyo nikampaka na kaka yake, ambaye ana mabaka ya mviringo kichwani yenye unga mweupe, na nywele zimekatika hapo. Yalififia, kisha yakatanuka. Baka moja sasa limevimba, ukilibonyeza ni laini, na linatoa usaha.

Mwezi uliopita jirani akaniambia huo ni upele. Nikanunua ile dawa nyeupe ya majimaji yenye harufu kali, nikampaka yule wa pili peke yake, usiku mmoja, pale penye vipele. Alilia sana ilivyomchoma. Akapata nafuu wiki moja, kisha yakawa yaleyale. Nikajua basi si upele.

Sasa mimi mwenyewe najikuna kiunoni na kuzunguka matiti. Mdogo ana malengelenge madogo kwenye nyayo na viganja. Mume wangu ndiye wa mwisho kuanza: ametokwa na vinundu vinavyowasha sehemu za siri. Hapo ndipo nyumba ilipochafuka. Ananiuliza ugonjwa huu nimeutoa wapi, na amehamia kulala sebuleni. Nimemwapia kwamba sijatoka nje ya ndoa. Wakati mwingine, Daktari, naanza kujiuliza kama si yeye.

Mama mkwe peke yake ndiye hajikuni. Ngozi yake imekauka tu na kufanya magamba mikononi, hasa katikati ya vidole na chini ya kucha, nadhani ni uzee na kukaa sana kitandani. Anasema wajukuu wana damu chafu. Huyu wa pili hulala naye ili amsaidie akihitaji kitu usiku. Shemeji yangu amesema atatuletea dawa ya kuogeshea mifugo tuoge wote, kwamba kuna watu waliopona hivyo. Shule nayo imemrudisha mtoto nyumbani mpaka apone.

Nafua kila siku. Nachemsha mashuka. Nyumba yangu ni safi, nakuapia. Naona aibu hata kupeana mkono na watu. Tufanye nini?

Mama wa Watatu

JIBU

Marahaba, mama. Pole kwa kukesha, na pole zaidi kwa huo ugomvi ulioingia kati yako na mumeo, maana huo unaweza kuisha leo, kabla hata muwasho haujaisha.

Sijaiona ngozi ya mtu yeyote hapo kwako, na nataka mtu aliyesomea aione kabla hamjaanza dawa. Lakini barua yako inasema mengi. Muwasho unaozidi usiku. Watu zaidi ya mmoja chini ya paa moja. Katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kiuno, matiti, matako, sehemu za siri za mwanamume, na kwa mtoto mchanga nyayo na viganja. Hapo ndipo upele unapokaa. Jirani yako alipatia, na dawa uliyonunua ilikuwa ya ugonjwa wenyewe. Ilishindwa kwa sababu alipakwa mtu mmoja, usiku mmoja, pale tu penye vipele, wakati nyumba ina watu sita. Na katika hao sita yuko mmoja ambaye hakuna aliyemfikiria. Nitamfikia.

Upele huletwa na utitiri mdogo sana, ambao jike lake halifiki nusu milimita. Jike huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai mawili au matatu kwa siku. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 au 4, na kizazi kipya hukomaa kwa muda wa wiki mbili hivi. Mketishe mwanao penye mwanga mzuri, umtanue vidole. Huenda ukaona kistari chembamba, kilichopindapinda, kirefu cha milimita chache tu, na kwenye ncha yake kinukta. Hiyo ndiyo njia ya utitiri, na huyo kwenye ncha ndiye mwenyewe. Sabuni haimfikii, kwa kuwa amejichimbia ndani. Kwa hiyo acha kuapa juu ya usafi wako, mama, nakuamini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 duniani wana upele, na mwaka 2017 liliuweka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Wengi miongoni mwao wanaoga na kufua kama wewe.

Muwasho wenyewe unatokana na mwili kuukataa utitiri, mayai yake na kinyesi chake. Mwili huchukua muda kuutambua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mtafiti mmoja Mwingereza, Kenneth Mellanby, aliuchunguza upele mjini Sheffield akiwatumia watu waliojitolea kuambukizwa, watu waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao. Aliona kwamba anayeupata kwa mara ya kwanza hukaa kama mwezi mzima bila kuwashwa sana, huku utitiri ukizaana mwilini mwake. Aliyewahi kuugua akiambukizwa tena, huanza kujikuna ndani ya siku moja tu.

Sasa mweleze mumeo hesabu hii. Kama ameanza kuwashwa juzijuzi na hajawahi kuugua upele, basi yaelekea utitiri ulimfikia wiki 4 hadi 6 zilizopita. Wakati huo mwanenu alikuwa ameshajikuna kwa muda, mtoto ambaye humbeba, hukaa naye na humshika mkono. Vinundu vya sehemu za siri vinawatisha wanaume, naelewa, lakini ngozi ya hapo ni laini na utitiri huipenda hata kama mtu ameambukizwa kwa kumpakata mtoto. Ni kweli kwamba upele hupita pia katika tendo la ndoa, kwa kuwa ngozi hugusana kwa muda mrefu, na mtu mzima anayeupata peke yake bila wa nyumbani kujikuna ana haki ya kujiuliza maswali. Ninyi hamko hapo. Kwenu alianza mtoto wa miaka 7, wakafuata wengine, yeye akawa wa mwisho. Nawe pia acha kumshuku. Na mkono wako mpe yeyote unayemsalimia: kusalimiana kwa sekunde chache si kawaida kuambukiza. Upele unataka ngozi zigusane kwa muda, kama wanaolala pamoja, wanaoshikana mikono kwa kitambo, au mama na mtoto wa kubebwa.

Hapo ndipo ninaporudi kwa mama mkwe.

Katika upele wa kawaida utitiri huwa ni wachache kuliko watu wanavyodhani. Mellanby alipowahesabu majike waliokomaa kwa wagonjwa wake, wastani ulikuwa kama 11 kwa mtu mmoja, na vurugu yote hiyo ya muwasho ilitokana na hao. Lakini kuna upele wa aina nyingine, upele wa magamba. Huwapata watu ambao kinga yao imeshuka, wazee sana, wanaotumia kwa muda mrefu dawa za steroidi, zile zinazotuliza kinga ya mwili, na waliopooza upande wa mwili. Kwao utitiri huzaana bila kizuizi, ukafika maelfu na wakati mwingine mamilioni, na ngozi hujibu kwa kujenga magamba mazito, hasa mikononi, katikati ya vidole na chini ya kucha. Na mara nyingi hawajikuni, au hujikuna kidogo sana. Kwa kuwa hawalalamiki, hakuna anayewatazama. Magamba yanadondoka kwenye shuka yakiwa na utitiri ndani yake, na anayelala naye au anayemwogesha anaambukizwa kirahisi.

Ulipoandika kwamba aliyeanza kujikuna ni mtoto anayelala na bibi yake, na kwamba bibi ana magamba mikononi na hawashwi, nilirudia kuisoma sentensi hiyo. Inawezekana ni ukavu wa ngozi tu. Inawezekana ni fangasi, au soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza. Lakini hamuwezi kukisia mkiwa nyumbani. Mpelekeni hospitali wiki hii, na mwambieni daktari waziwazi: nyumba nzima inajikuna, tunaomba magamba haya yakwanguliwe yaangaliwe kwenye hadubini. Ni kipimo chepesi na hakiumizi. Ikiwa ni upele wa magamba, dawa ya kupaka peke yake haitamtosha. Atahitaji vidonge vya ivermectin kwa awamu kadhaa, dawa ya kupaka mara nyingi zaidi kuliko ninyi, na marhamu ya kulainisha magamba ili dawa ipenye. Daktari atataka pia kujua kama kuna jambo jingine linaloishusha kinga yake.

Mpaka hapo, mtoto alale kwingine kuanzia leo. Wewe mwogeshe ukiwa umevaa glavu na nguo ya mikono mirefu, kisha vua nguo hiyo ikafuliwe. Na nakusihi sana: usimfikishie mumeo habari hii kama mashtaka dhidi ya mama yake. Mama wa watu ametoka kwenye kiharusi, ameshikwa na kuhudumiwa na mikono mingi, na hata kama upele ulianzia kwake, aliupata kwa mtu. Amekuwa mgonjwa muda wote huu bila yeyote kujua. Naye akisema damu ya wajukuu ni chafu, mjibu kwa upole. Damu haina kosa hapa.

Sasa hiyo krimu. Hapa naandika nikiwa na uchungu, kwa sababu sipiti wiki kliniki bila kukutana na ngozi iliyoharibiwa nayo. Krimu zinazosemwa kutibu fangasi, bakteria na mzio kwa pamoja, karibu zote zina steroidi ndani. Soma boksi. Ukikuta jina betamethasone, clobetasol au jina jingine linaloishia na “-sone” au “-sol” ambalo hulielewi, muulize mfamasia kama ni steroidi. Kazi ya steroidi ni kuutuliza mwili usipigane. Vipele vinanywea, muwasho unapoa, mama anashukuru. Lakini utitiri haujafa. Unaendelea kutaga mayai katika ngozi iliyoambiwa inyamaze, na ukiacha kupaka, mwili unazinduka na kukuta wamekuwa wengi. Ndiyo maana kila mara vilirudi vingi zaidi. Tena steroidi hubadilisha sura ya ugonjwa, kiasi kwamba hata mhudumu mzoefu anaweza akautazama asiutambue. Ukipaka miezi mingi ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi isiyofutika, na kwa mtoto mdogo dawa inaweza kuingia mwilini. Acha kuitumia kwa upele wa wanao na kwa kichwa cha mkubwa. Muwasho ukipanda kwa siku chache baada ya kuacha, usirudi nyuma.

Steroidi ina kazi yake, na kuna magonjwa ya ngozi ambayo siyatibu bila hiyo. Ninachopinga ni kuitoa bila kujua kilicho chini ya ngozi.

Kichwa cha mkubwa ni habari nyingine kabisa. Hayo ni mapunye, na yanaletwa na fangasi. Fangasi huyo ameshuka hadi kwenye mzizi wa unywele, ambako krimu haifiki, iwe na steroidi au isiwe nayo. Mapunye ya kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza, griseofulvin au terbinafine, kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Griseofulvin humezwa kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili ifyonzwe vizuri. Wazazi wengi hukatiza nywele zinapoanza kuota, na ugonjwa hurudi. Lile baka lililovimba na kutoa usaha linanitia wasiwasi zaidi. Linafanana na jipu lakini mara nyingi si jipu, ni mwili kupambana vikali na fangasi. Msikubali lipasuliwe kabla ya kuonwa na anayejua, na msilicheleweshe kufika hospitali, maana likiachwa linaweza kuacha kovu ambalo nywele hazioti tena. Chanuo, kofia na mashine ya kunyolea visichangiwe. Tazama pia vichwa vya wadogo zake.

Turudi kwenye upele, sasa kwenye tiba. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu dawa ni nzuri na zinashindwa kwenye kupaka.

Chagueni siku moja. Siku hiyo hiyo, usiku uleule, wote wapake: wanaojikuna na wasiojikuna. Mtu mmoja akirukwa, baada ya wiki chache mtakuwa mmerudi mlipoanzia. Kama kuna dada wa kazi au ndugu anayelala hapo, naye yumo. Mama mkwe, akiwa ameshaonwa, aanze matibabu yake siku hiyo pia, ili msiambukizane upya.

Kwa wengi wenu ningechagua krimu ya kuua utitiri iitwayo permethrin, ya asilimia 5. Kata kucha za wote ziwe fupi. Oga, jikaushe, subiri ngozi ipoe. Kisha paka kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo bila kuacha mahali: nyuma ya masikio, kwapani, chini ya matiti, ndani ya kitovu, kati ya matako, sehemu za siri, kati ya kila kidole cha mkono na cha mguu, na chini ya kucha, ambako ni rahisi kutumia mswaki laini wa zamani kisha ukautupa. Mgongoni mpakane. Usipake penye vipele tu, maana njia nyingi za utitiri huzioni. Kaa nayo saa 8 hadi 14, ndiyo maana usiku unafaa. Ukinawa mikono, paka tena mikono. Wengi hushindwa hapo: anaamka usiku, ananawa, na mikono, ambayo ndiyo nyumba kubwa ya utitiri, inabaki bila dawa. Asubuhi oga na ubadilishe nguo.

Mdogo wa miezi 8 anaweza kupakwa permethrin, kwa sababu inaruhusiwa kuanzia umri wa miezi 2, lakini yeye apakwe na kichwani na usoni, ukiepuka macho na mdomo. Mvishe soksi mikononi asinyonye vidole vyenye dawa. Wewe osha chuchu kabla ya kunyonyesha, kisha upake tena. Marhamu ya salfa nayo ni salama kwa watoto wachanga na wajawazito, ila inanuka na inahitaji kupakwa siku kadhaa mfululizo. Ile dawa nyeupe uliyonunua, benzyl benzoate, inafanya kazi kwa watu wazima. Kwa watoto inapaswa kuzimuliwa, na kwenye ngozi iliyochubuka inachoma sana, ndiyo maana mwanao alilia.

Baada ya siku 7 hadi 14 rudieni kila kitu, wote, hata kama mnajiona mmepona. Dawa haiuwi mayai yote kwa uhakika, na yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa. Usiku huu wa pili ndio unaorukwa na watu wengi.

Daktari anaweza kuwapa vidonge vya ivermectin badala ya kupaka, kwa kipimo cha uzito, navyo hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Kwa kawaida havitolewi kwa wajawazito wala kwa mtoto aliye chini ya kilo 15, na wewe unayenyonyesha mwambie kabla hajakuandikia. Nguvu ya kutibu wote kwa pamoja ilionekana vizuri visiwani Fiji, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Pale walipotibiwa wagonjwa na waliogusana nao tu, kiwango cha upele kilishuka kwa asilimia 49 baada ya mwaka mmoja. Pale walipopewa permethrin watu wote, wagonjwa na wazima, kilishuka kwa asilimia 62, na pale watu wote walipopewa ivermectin kikashuka kwa asilimia 94. Nyumba yako ni ndogo kuliko kisiwa, lakini kanuni ni hiyohiyo.

Kuhusu mashuka, punguza mzigo wako. Utitiri ukitoka mwilini hauishi zaidi ya siku 2 au 3. Kila asubuhi baada ya kupaka, fua kwa maji ya moto nguo, taulo na mashuka yaliyotumika siku tatu zilizopita. Kisichofulika kifunge ndani ya mfuko wa plastiki siku 3 kamili, na zaidi kidogo haidhuru. Inatosha. Ila kwa vitu vya mama mkwe, kama ni upele wa magamba, hapo endelea na bidii yako yote: shuka zibadilishwe kila siku, zikunjwe taratibu bila kukung'utwa, na chumba kifagiliwe na kupigwa deki mara kwa mara.

Dawa ya mifugo hapana. Mwambie shemeji ahsante, na hapana. Najua wazo linatoka wapi, maana baadhi ya dawa hizo ni za ukoo mmoja na permethrin. Lakini zimetengenezwa kali, zimechanganywa na vimiminika visivyofaa ngozi ya binadamu, na nyingine zina viuatilifu vya aina nyingine kabisa vinavyoweza kumfanya mtoto atapike, alegee, apumue kwa shida. Kwa ngozi iliyochubuka namna hiyo, sumu inaingia haraka zaidi.

Sasa kuna jambo moja linaloweza kugeuza upele kuwa ugonjwa mzito, nalo ni michubuko. Kucha zinapofungua ngozi, bakteria huingia, na vidonda vikapata usaha na ukoko wa rangi ya asali. Mtoto mwenye vidonda hivyo apewe antibiotiki na mhudumu wa afya. Baadhi ya bakteria hao, wa jamii ya streptokoka, wanaweza kuufanya mwili ushambulie figo wiki chache baadaye. Kwa hiyo ukiona mtoto ameamka uso na kope zimevimba, mkojo umekuwa mchache au wa rangi ya kahawia iliyoiva, usingoje miadi. Vivyo hivyo akipata homa, wekundu unaotanuka kuzunguka kidonda, au maumivu yanayozidi. Nenda siku hiyohiyo.

Shuleni mtoto anaweza kurudi siku inayofuata baada ya usiku wa kwanza wa dawa. Omba kliniki ikuandikie barua, na mwambie mwalimu kwamba wenzake waliokaa naye karibu wanaweza kuhitaji kutazamwa, kimya kimya, bila mtoto kutajwa mbele ya darasa.

Mwisho nikutayarishe. Muwasho hautakoma asubuhi ya kwanza. Utitiri waliokufa wamebaki ndani ya ngozi, na mwili utaendelea kuwakataa mpaka ngozi hiyo ijibadilishe, wiki 2 hadi 4. Vinundu vya sehemu za siri hukaa muda mrefu zaidi, hata miezi, ingawa ndani yake hamna kilicho hai. Watu wengi hapa huhofu, wakaanza kupaka dawa kila siku, na dawa yenyewe ikaiwasha ngozi, ikawa muwasho juu ya muwasho. Pakeni mara mbili mlizopangiwa, kisha tumieni mafuta mepesi ya kulainisha ngozi na dawa ya mzio ya usiku atakayowapa daktari. Ishara ya kuangalia ni vipele vipya au vile vistari vipya kati ya vidole. Vikionekana, au muwasho ukivuka wiki 6 bila kupungua, rudini kliniki mkiwa wote, na mama mkwe akiwemo.